Mashavu Ahamia Leo

Leo ilikuwa ikiuzwa dukani kwa Khelef, ndani ya makasha mawili meupe, dogo la simu na pana la kishikwambi, na asubuhi hiyo Mashavu alikuwa anakwenda kuichukua. Si kuitazama, kuichukua! Kuitazama alishaitazama mpaka macho yakaota sugu. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akipita pale akijitia kusoma tangazo la sabuni lililobandikwa ukutani, kumbe jicho liko kwenye kabati la vioo. Khelef mwenye duka alikwisha kumjua. Ningekuwa msema uongo ningesema hata yale makasha yalimjua, yakimwona anakuja yanakonyezana.

Niseme mapema mji wenyewe ulivyo, maana mgeni akiingia bila ya kuelezwa atapotea, kisha lawama zinirudie mimi. Mji hauna jina. Waliokuwa wakilijua walilihifadhi ndani ya simu, na simu ikaingia maji. Una mitaa miwili tu, Jana na Leo, na baina yake hakuna ukuta, hakuna mto, hakuna askari wa kukuuliza unakwenda wapi. Kinachotenga ni kile ulichokishika mkononi. Mwenye simu mpya mambo humfika yanapotokea, naye ndiye wa Leo. Mwenye simu kuukuu mambo humfika yakishapoa, basi yeye ni wa Jana, hata kama amesimama na wa Leo mabega yanagusana. Sokoni utawaona watu wawili wameshika fungu moja la mchicha, mmoja ananunua la leo, mwenzake analinunua la jana, na mchicha ni ule ule. Ajabu, lakini wenyewe hawaoni ajabu. Watu wakishazoea jambo hawaliulizi tena.

Na usije ukadhani kuna mtu aliyepata kuhamia Jana kwa hiari yake. Hakuna. Mashavu na mumewe, Mzee Ngwali, waliponunua simu yao ya kwanza ya kupangusa na kishikwambi chao cha kwanza, walikuwa Leo hasa, katikati yake, watu wanakuja barazani kwao kuuliza habari. Hawakusogea hata shubiri. Walikaa pale pale, nyumba ile ile, wakila muhogo ule ule, na Leo ndiyo iliyowaondokea polepole bila ya kuaga, kama kivuli cha ukuta kinavyomtoka aliyelala barazani. Wakaja kushtuka simu imefungwa lastiki kwa kuwa mgongo umeachana na tumbo, kioo kina ufa pembe hadi pembe, na kishikwambi kinapata moto hadi paka hataki kulala pengine. Ukimpigia mtu wa Leo, sura yake inakwama mdomo wazi, nawe unabaki kumhesabu meno. Sasa niambie, mwenye akili: aliyekaa pale pale na aliyekwenda, nani amemwacha mwenzake? Mimi sina jibu. Mashavu naye hakuwa na haja ya jibu, alikuwa na haja ya kufika.

Binti yake wa pekee, Zeyana, aliolewa Leo. Harusi ilikuwa nzuri, kwa mujibu wa picha. Tangu hapo kila kitu cha Zeyana kikawa kinamfikia mama yake kimepoa. Siku moja ilimjia habari kwamba mwanawe ana malaria. Mashavu alilia, akaweka nadhiri, akapiga simu: "Pole mwanangu, homa vipi?" Zeyana, ambaye alikuwa anakula ubuyu, akamjibu: "Homa gani, mama? Ile ya kabla ya Ramadhani?" Mkwewe alipoanguka ngazini na kuvunjika mguu, Mashavu alimpelekea mchuzi wa pweza wa kuungia mifupa, na mchuzi ukamkuta mgonjwa uwanjani anacheza mpira.

Utasema, kwa nini asivae baibui akaenda kwa miguu? Loo, kwani hakwenda? Alikwenda mara nyingi. Alikuwa akibisha hodi nyumbani kwa mwanawe na kukuta jamvi limeshakunjwa, vyombo vinakauka juani, na Zeyana anafagia: "Mama, tulikungoja sana." Miguu ya mtu wa Jana inamfikisha mlangoni, lakini haimfikishi katika jambo. Alikuwa akirudi njia nzima anajisema peke yake. Mimi nipo au sipo? Kama nipo, mbona kila ninapoingia mambo yamekwisha kutoka? Na kama sipo, hii miguu inayoniuma ni ya nani?

Kisha ukaja ujumbe. Ulichukua muda kufunguka, herufi zikidondoka moja moja: *Mama nina mimba. Ukifika wakati wenyewe nataka uwepo. Si uje uambiwe. Uwepo.*

Mashavu alisoma akiwa jikoni. Furaha ilimpanda kichwani, na nyuma ya furaha ukaja ubaridi, maana alijua anachokisoma ni cha zamani. Mimba iliyokuwa changa pale kwenye kioo, huko ilikotoka ilikwisha kuwa tumbo la kushikilia kiuno. Akatoka nje na upawa mkononi.

"Mjukuu wangu hazaliwi jana!" alisema. "Baba Zeyana, umenisikia? Nasema hazaliwi!"

Mzee Ngwali aliinua macho. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kunywa chai hadi tone la mwisho. "Kawia ufike, Mama Zeyana."

"Kufika? Nimefika mie! Nimefika kila mahali. Nikifika watu wanakung'uta makombo."

Kutoka baraza ya pili akadakia Bi Tufaha, jirani yao, ambaye sikio lake halikuwahi kuwa na mlango. "Mwambie, shoga! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!"

Toka siku hiyo Mashavu na mumewe wakawa wanadunduliza. Nisiwachoshe kwa habari ya kudunduliza, kila mtu anaijua ladha ya chai isiyo na sukari.

Mtaa wa Jana una desturi moja ambayo sijaiona pengine. Mtu akipata simu mpya hutolewa kama biharusi. Haendi dukani peke yake akarudi na mfuko wa plastiki kama aliyenunua vitunguu. Husingwa, hupakwa liwa, hutiwa hina, hupigwa wanja mpaka jicho likawa na ncha, hufunikwa mtandio usoni, na wanawake wa mtaa wakamsindikiza kwa udi na vigelegele, kwa sababu anahama, na anayehama haijulikani kama atakukumbuka. Basi ndivyo alivyotolewa Mashavu, mtu mzima mwenye kungoja mjukuu, kikuba cha asumini kifuani, moyo unamdunda hadi kikuba kinatikisika. Bi Tufaha alikuwa mbele na chetezo. Mzee Ngwali alibaki mlangoni akapunga mkono. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," alimtania, na sauti yake ilikuwa na unyonge kidogo.

Dukani, Khelef alifungua kasha dogo. Jamani! Simu ilitoka imelala kwenye kitanda chake cha karatasi, nyembamba, nyeusi, uso hauna hata alama ya kidole. Wanawake wakarefusha shingo wote kwa pamoja. Khelef akaiwasha, ikatoa mwanga, ikasema kwa sauti ya adabu:

"Karibu. Nionyeshe uso wako."

Khelef akaisogeza mbele ya mtandio. Mashavu hakusogea.

"Mama, inataka kukuona," alisema Khelef. "Ndiyo njia itakayokujua kwayo. Ikishakujua imekujua."

"Inione bure?" Sauti ya Mashavu ilitoka chini ya mtandio. "Kipamkono kiko wapi?"

Duka likalipuka kwa kicheko. Bi Tufaha nusura aangushe chetezo. Hakuna biharusi anayefunua uso kabla ya kupewa kipamkono, zawadi yake ya kufunuliwa, na tangu lini simu ikawa mume wa kuonyeshwa bure? Khelef alijikuna kichwa, akatazama rafu zake, akatoa kava la rangi ya dhahabu na kuliweka juu ya kiganja cha Mashavu. Mashavu akaliminya, akalipima, akaliona linafaa. Ndipo akafunua.

Akafunua, na simu ikamwona: liwa, wanja, asumini, midomo myekundu ya tambuu, kipini cha puani kinawaka. "Geuza uso kulia," ilisema. "Geuza kushoto. Nimekujua. Wewe ni Mashavu." Vigelegele vikapanda hadi vigae.

Sasa hapo mie ningesita. Ningeuliza: ni nani huyo uliyemjua? Lakini mtu hasiti siku ya furaha yake, na ndivyo inavyotakiwa. Khelef alishika simu kuukuu kwa mkono wa kushoto na mpya kwa mkono wa kulia, akaziweka kichwa kwa kichwa, na kuhama kukaanza. Mstari mdogo wa buluu ukawa unajaa. Mashavu aliutazama, akawaza. Yanakwenda majina. Zinakwenda picha. Inakwenda ile ya kuku aliyepanda juu ya televisheni. Zinakwenda salamu za Idi za watu niliosahau sura zao. Nami nakwenda? Nikishakwenda, kule nyuma anabaki nani ndani ya ile simu, na akiamka akajikuta mtupu, hana jina hata moja, atampigia nani? Na huyu anayejaa huku ndiye mimi, au ni mgeni aliyekabidhiwa nguo zangu? Alipofika hapo mstari ukajaa, na kila alichokuwa akikifikiri kikapeperuka, maana alisikia chafya.

Bi Tufaha alikuwa amepiga chafya kwa moshi wa udi. Chafya ya kawaida. Lakini Mashavu aliisikia yenyewe, mbichi, si habari ya chafya! Akageuka. Barabara yote ilikuwa ikitokea. Muuza kahawa alikuwa akigonga vikombe na mlio ulifika pamoja na kikombe. Jua lilikuwa linachoma sasa hivi. Akaandika kwa kidole cha hina, *Zeyana nimehamia*, na kabla hajainua kidole jibu likaruka: *MAMAAA! UPO LEO?* Akapiga kelele. Akamkumbatia Khelef, jambo ambalo akili yake ikitulia ataliona aibu.

"Na hiki kishikwambi?" aliuliza akipangusa machozi na wanja.

"Hicho hakina chaji, Mama. Kitie moto nyumbani, utakifungua mwenyewe. Na chenyewe kitataka uso, na atakayekupigia simu utampata humo pia."

Kishikwambi alikuwa amemkusudia mumewe, ili asije akahama peke yake. Jioni aliporudi alimkuta barazani. "Baba Zeyana, umekula?" alimuuliza. Mzee Ngwali akapunga mkono akasema: "Nenda salama, uangalie njia." Alikuwa bado anamuaga wa asubuhi. Mashavu alicheka kidogo. Akakaa karibu yake, akaegemeza bega kwenye bega lake, na kumsikiliza akimjibu maswali aliyokuwa ameyauliza zamani. Ulikuwa mwendo mrefu baina yao, hapo walipokaa pamoja. Akakiingiza kishikwambi kwenye chaji, akanawa, akalala akiwa na simu mkononi.

Asubuhi alikuwa jikoni anasukuma chapati. Kichwa kina mikia mitatu ya nywele, uso umeoshwa sabuni ya kufulia, kanga moja, unga hadi kwenye nyusi. Simu ikalia. Zeyana!

Akaikamata. "Nionyeshe uso wako," ilisema. Akauonyesha.

"Sikujui."

"Ala! Hunijui vipi? Mimi Mashavu."

"Mashavu namjua," simu ilisema kwa adabu ile ile. "Ana wanja, ana kipini, midomo myekundu. Wewe sikujui. Tafadhali mwite mwenyewe."

"Ndiye mimi! Yule alikuwa ni mimi nimepambwa!"

"Sikujui."

Na simu ikawa inalia. Jina la Zeyana lilikuwa linawaka pale juu, na Mashavu analiona na hawezi kuligusa. Alikimbilia chumbani. Wanja uko wapi? Wanja! Akaupata, akaupaka kwa pupa, jicho moja likapata mstari na la pili likapata tope. Akatafuta kipini chini ya mto, akakitia. Akaweka uso.

"Huyu pia simjui."

Hapo alikaa chini sakafuni, na hasira na kilio vikamjia pamoja. Kwa hiyo ni yule. Ndiye aliyehama, yule wa siku moja, mwenye asumini iliyokwisha kunyauka. Yule ndiye aliyeandikwa Leo, na mimi wa kila siku, mimi wa kunawa na kupika, nimeachwa. Nimejichelewesha mwenyewe kwa mkono wangu, kwa kupenda kupendeza! Mimi niliyemnyonyesha Zeyana uso huu ukiwa mtupu! Simu ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, na mlio ule, naapa, ulikuwa una haraka zaidi ya wa kwanza.

Aliinua kichwa. Juu ya kabati, taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Kishikwambi kilikuwa kimejaa chaji, na kilikuwa hakijaona uso wa mtu.

Alikirukia. Akatoka nacho barazani mbio, kanga inamvuka, na kule alimkuta mumewe na kikombe chake. Hicho ni chake, alifikiri. Nikikipa uso wangu, yeye abaki Jana peke yake? Hakungoja kumuuliza, jibu lingefika kesho. Alimshika kichwa, akakivuta, akabandika shavu lake la unga kwenye shavu la mumewe lenye ndevu za mvi, akainua kishikwambi mbele yao wote wawili.

"Karibu," kilisema. "Nionyeshe uso wako." Kikasita. "Mko wawili?"

"Tuko wawili," alisema Mashavu.

"Mbona unanivunja shingo, mwanamke?" alisema Mzee Ngwali. Alilisema hapo hapo, wakati shingo inauma. Wakatazamana.

"Nimewajua," kishikwambi kilisema, na Zeyana akajaa kwenye kioo, mkubwa, jasho linamtiririka, nywele zimemganda kwenye paji la uso, mashuka meupe nyuma yake. Haikuwa imekwama mdomo wazi, sura ile. Ilikuwa inapumua.

"Mama! Ulikuwa wapi?"

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa, na baba yako huyu hapa."

"Mtoto gani?" Mashavu aliendelea kuuliza, pumzi zimemwishia. "Wa kike? Wa kiume? Mzima?"

Mkunga, mwanamke mnene mwenye glavu, aliinama akaonekana kwenye kioo. "Bado, Bibi," alisema. "Ndiyo kwanza."

Bado.

Mashavu alilitazama neno hilo. Alikuwa hajakutana nalo tangu Leo ilipomwondokea. Kule alikotoka halikuwako. Kule kila kilichomfikia kilikuwa kimekwisha: aliyeumwa amepona au amezikwa, na mtu analia au anacheka kwa jambo analolijua mwisho wake. Aliona kuchelewa ndiyo dhuluma kubwa kupita zote, na hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya dhuluma ile mlikuwa na mto wa kulalia. Sasa hapakuwa na mto. Palikuwa na mwanawe anakunja uso, mkunga anatazama chini, na mbele yao hapakuwa na kitu, hapakuwa na kitu kabisa, peupe. Akakikamata kishikwambi kwa mikono miwili. Na juu ya hofu ile, Mungu amsamehe, alihisi furaha ambayo hajapata kuihisi, furaha ya kusimama pale mambo yanapotokea na upepo wake unakupiga usoni.

"Itakuwaje?" alinong'ona Mzee Ngwali.

"Sijui."

"Hata huku Leo hamjui?"

"Hakuna anayejua, Baba Zeyana!" Alikuwa anacheka na machozi yanachimba njia kwenye unga. "Huku hakuna anayejua chochote!"

Maumivu yakaja. Zeyana akaushika ukingo wa kitanda, akapiga ukelele, na ukelele ukawafika wakati ule ule uliotoka. Akageuza macho kwenye kioo, akamtafuta mama yake.

"Mama, naogopa."

Miaka yote, kila mwanawe alipomwambia hivyo, Mashavu alikuwa na jibu lake tayari. Usiogope, yameshapita. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa kweli kila siku. Akalitafuta mdomoni. Halikuwamo. Akausogeza uso wake kwenye kioo, jicho moja lina wanja na la pili lina tope, hadi pumzi yake ikakitia ukungu.

"Hata mimi naogopa, mwanangu," alisema. "Sukuma, mama. Sukuma tuone."